Mguu wa Kijiti Mdomoni mwa Ng'ombe

Nimewahi kuachiwa mtoto mchanga wa watu kwa maneno mawili tu: "Namwacha hapo." Ng'ombe wa mama mkwe niliachiwa kwa mahubiri.

Alikuwa anakwenda kwao Moshi, kwenye harusi ya binti wa mdogo wake. Tangu ahamie kwetu Chanika hakuwahi kurudi kwao hata mara moja, maana ng'ombe hana likizo. Safari hii akasema liwalo na liwe. Kitenge cha sare alikishonesha tangu kabla ya masika, akakitundika mlangoni mwa chumba chake, na kila mgeni aliyeingia lazima aonyeshwe pindo. Mpaka muuza mkaa alionyeshwa.

Asubuhi ya safari, begi liko barazani, mume wangu anachungulia saa kila dakika, mama mkwe bado yuko bandani ananifundisha.

"Mwoshe chuchu kwa maji ya uvuguvugu kwanza. Pumba usimzidishie, atakuzoea vibaya. Na haya majani..." Hapo akashusha sauti kama anayetaka kusengenya mtu aliye karibu. "Kila mzigo ukija, ufungue. Pekua jani kwa jani. Humu ndani anakaaga kijiti. Ng'ombe akimmeza kijiti, kesho haioni."

"Kijiti gani tena, Mama? Si majani yote yana vijiti?"

Akainama kwenye mzigo, akachomoa kitawi kikavu, akaniwekea kiganjani. Kilikuwa chembamba, rangi ya udongo, kina vifundo kama matawi mengine yote. Kisha kitawi kikanyanyuka, kikatoa miguu, kikaanza kutembea kuelekea kwenye kiwiko changu. Weee! Nilipiga ukelele mpaka kuku wa jirani wakaruka ukuta. Mama mkwe akamchukua yule mdudu kwa vidole viwili, polepole, akampeleka mbali.

"Usiwaue," akasema. "Waweke mbali tu na hori."

Mie nimezaliwa na kukulia Mwananyamala. Wadudu wetu kule ni mende, mbu na vunjajungu, na vunjajungu tulikatazwa kumgusa, eti ukimgusa utavunja chungu nyumbani. Nilipokuwa na miaka saba nilimgusa kwa ubishi, na siku ileile nikavunja glasi ya bibi yangu. Tangu hapo mambo ya wadudu na mikosi siyachezei. Kwa hiyo mama mkwe aliposema kijiti anaua ng'ombe, niliamini moja kwa moja, kwa moyo wote.

Alipokuwa anapanda bodaboda nilimsikia anamnong'oneza mwanawe, akidhani sipo karibu: "Mkeo mtoto wa Mwananyamala. Ng'ombe anayemjua ni yule aliyechorwa kwenye pakiti ya maziwa." Alisema bila ubaya wowote, tena kwa huruma, na ndiyo maana iliniuma. Nikajiapiza palepale. Nilichotaka ni kimoja tu: mama huyu arudi amkute ng'ombe wake mzima, anatafuna, na aseme kwa kinywa chake kwamba mkwe wake ameweza.

Siku ya kwanza nilipekua mzigo wa majani kama polisi wanavyopekua mizigo ya magendo, sikuona kijiti hata mmoja. Nikafurahi. Halafu nikaogopa. Labda wamo, ila macho yangu ndiyo ya Mwananyamala. Nikarudia tena, jani kwa jani, nimechuchumaa mpaka miguu ikafa ganzi, na ng'ombe nyuma yangu analia njaa kwa hasira kabisa. Nikachoka, nikashusha pumzi ndefu juu ya majani. Majani yakatikisika, yakatulia. Kitawi kimoja hakikutulia. Kikaendelea kunesa, kushoto kulia, kushoto kulia, kama bado kuna upepo anaousikia yeye peke yake.

Nimekupata!

Jamani, furaha niliyoipata siku ile! Kumbe ndivyo anavyojificha: upepo ukipita naye anajitikisa ili afanane na majani, ila hajui kuacha kwa wakati. Kuanzia hapo nikawa napuliza. Nafungua mzigo, natandaza, napuliza, nangoja. Anayezidisha madaha nampata. Nikimshika anajiachia chini, puu, miguu kaikunja, ya mbele kaiunganisha na kichwa kama mtu aliyenyoosha mikono juu, kakauka. Amekufa! Unamgeuza, unamtekenya, wapi. Ukimwacha ukaenda kuteka maji, ukirudi hayupo.

Niliwakusanya kwenye ndoo, nikawahamishia kwenye mpera ulioko nyuma ya jiko. Kazi ya kuwahamisha ndiyo iliyoniponza, maana nilianza kukaa nao. Nikabeba kigoda changu, na chai yangu, nikawa nawatazama. Mchana hawafanyi lolote, wanajifanya matawi. Jioni giza likianza kuingia, mmoja anakunjua mguu, mwingine anapapasa, na kidogo kidogo wanaanza kutafuna majani ya mpera kuanzia ukingoni, wanakwenda nusu duara, wanarudi, kwa adabu kabisa. Mmoja mnene, mrefu kupita kiganja changu, nilimfunikia na kawa la wavu juu ya sinia ili nimwone vizuri. Asubuhi nikakuta sinia ina punje ndogo za kahawia, ngumu, kila moja ina kifuniko. Nikadhani ni mbegu zimedondoka mahali. Siku ya pili zikaongezeka. Nikaingia kwenye simu kusoma, nikagundua ni mayai. Anayaachia tu yadondoke popote alipo, hajengi kiota, hatamii, hata hageuki kuyatazama. Na baadhi yao, nikasoma, jike hahitaji dume. Anataga mwenyewe, na wanaoanguliwa ni mabinti watupu.

Jioni hiyo nikamwambia mume wangu. Yeye ana karakana ya kuchomelea vyuma Manzese, anaondoka jua halijatoka na anarudi akinuka moshi.

"Huyu mwenzangu hana haja ya mume. Anazaa peke yake."

Akaweka kijiko chini. "Na taa ya jikoni ikiungua, anapanda mwenyewe juu ya meza kuibadilisha?"

"Ana miguu sita. Atashindwaje?"

Tukacheka mpaka chai ikapoa. Nyumba ilikuwa na raha wiki ile, sitasema uongo. Kukamua nilikwisha kujua, ng'ombe amenizoea, na kila mama mkwe alipopiga simu nilimjibu kwa madoido: "Majani nimepekua, Mama. Leo nimetoa watatu." Akawa anasema "Haya" tu. Lakini ile "haya" ilikuwa inazidi kulainika, mie naisikia.

Harusi ilikuwa Jumamosi. Jumatano asubuhi ndipo dunia iliponiangukia.

Nilikuwa nimemwekea ng'ombe majani, majani niliyopekua mwenyewe na kupuliza mwenyewe, nikaenda kumwaga maji. Niliporudi nikamkuta anatafuna, ananitazama kwa macho yake makubwa. Pembeni ya mdomo wake, kwenye mate, umening'inia mguu. Mguu wa kijiti, mwembamba, wenye kifundo, na ulikuwa bado unachezacheza.

Nikaudaka. Nikauvuta. Ukaja wenyewe, hauna mwili.

Mungu wangu! Kama mguu uko mkononi mwangu, mwenye mguu yuko wapi? Nikampanua ng'ombe mdomo kwa mikono yote miwili, mie ambaye miaka miwili nyuma nilikuwa nakunywa maziwa bila kufikiria yanatoka wapi. Ndani mlikuwa na ulimi tu na majani. Akanipiga na kichwa, nikaanguka kwenye samadi.

Nikampigia bwana mifugo. Akacheka kabisa. "Mama, kijiti haui ng'ombe. Hizo ni imani tu. Endelea na kazi zako." Nikakata simu kwa hasira. Atajua nini yeye? Mama mkwe amefuga tangu hajaolewa.

Nikakaa kwenye kigoda mbele ya mgonjwa wangu. Akilala, nasema anakata roho. Akisimama, nasema anaaga. Akafumba macho, nikapiga kelele, akayafumbua. Akaguna, nami nikaanza kulia. Ule mguu niliuweka kwenye kiberiti, sijui ushahidi wa kumpelekea nani. Mwisho nikaona haiwezekani, nikampigia mama mkwe. Nyuma ya sauti yake nilisikia wanawake wanaimba, vyombo vinagongana, watu wanamenya ndizi za harusi.

"Mama," nikasema, na hapo kilio kikanitoka chote.

"Nani amekufa?"

"Bado."

"Bado nani? We mtoto, sema!"

"Ng'ombe. Amemeza kijiti, Mama. Nilipekua, nilipuliza, sijui alipitia wapi. Mguu wake ninao hapa. Nisamehe, Mama."

Wale wanawake waliendelea kuimba.

"Uko na nani hapo?"

"Peke yangu."

"Umekula?"

"Nitakulaje, Mama, na ng'ombe anakufa?"

"Nakuja," akasema, akakata.

Basi nikaona yamekwisha. Mama ameacha harusi. Miaka yote hajaenda kwao, sare imeshonwa, pindo limeonyeshwa hadi kwa muuza mkaa, na mie mtoto wa Mwananyamala nimemrudisha kwa uzembe wangu. Mume wangu alimpigia mara nyingi kumzuia, hakupokea. Jioni alikwenda bandani, akamtazama ng'ombe, ng'ombe naye akamtazama.

"Mbona yuko sawa?"

"Ndivyo wanavyoanzaga," nikamjibu. Sijui nilikuwa naongea nini, sijawahi kumwona hata mmoja akianza.

Alhamisi jioni mama mkwe akashuka kwenye bajaji na mkungu wa ndizi na begi lake. Tangu asubuhi nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba radhi. Nikamsaidia begi, nikasema shikamoo, akaitika marahaba, akaninyanyua kidevu akanitazama usoni muda mrefu. Nilitazama chini. Bandani aliingia kidogo tu, akamshika ng'ombe masikio, akatoka. Hakuuliza hata mguu uko wapi. Akavua viatu, akaingia jikoni, akapika ndizi na nyama mwenyewe, akakaa mbele yangu nile. Nilikula sahani mbili kwa hofu. Nilidhani ndivyo watu wao wanavyofanya, wanakulisha kwanza ndipo wanakusema. Nikangoja kusemwa. Akaniambia nikalale.

Ijumaa asubuhi tukaingia bandani pamoja. Ng'ombe alikuwa anacheua kwa starehe, kesho ya kwanza ameiona na ya pili ameiona. Mama mkwe akaegemea hori, ananieleza jinsi ya kukaza kamba ya mlango, na mie bila kufikiria, kwa mazoea tu, nikapuliza pumzi juu ya ukingo wa hori.

Kibanzi kimoja cha ubao, kandokando ya mkono wake, kikanesa.

"Mama usitikisike."

"Kuna nini?"

"Usitikisike nakwambia!"

Ndiyo, nilimfokea mama mkwe. Alikauka kama kijiti mwenyewe. Nikainama. Alikuwa mdogo, kijiti kijana, amejibandika kwenye ufa wa mbao, amenyoosha mikono mbele, anajifanya banzi. Nikahesabu miguu. Upande wa kushoto mitatu. Upande wa kulia mmoja mbele, mmoja nyuma, na katikati pengo.

Nilitoka mbio kwenda kuchukua kiberiti. Nikarudi, nikakifungua, nikausogeza ule mguu karibu na pengo. Ulitoshea. Nilishasoma kwenye simu kwamba wadudu hawa wakibanwa huachia mguu wakakimbia na iliyobaki, nikaisahau habari yenyewe siku niliyoihitaji. Ng'ombe alimbana mguu tu. Mwenyewe alikwenda zake, akakaa pale pale kwenye hori akinitazama ninavyolia.

Nikamweleza mama mkwe. Aliangalia mguu, akaangalia kijiti, akaangalia ng'ombe, akaniangalia mie. Kisha akaanza kucheka. Alicheka akashika ukuta, ukuta haukutosha, akakaa kwenye majani ya ng'ombe, machozi yanamtoka, anasema "Yesu na Maria! Yesu na Maria!" Nami nikakaa naye. Ng'ombe akala majani tuliyoyakalia.

"Kumbe bwana mifugo alisema kweli," nikasema nilipopata pumzi. "Kijiti haui ng'ombe."

Akafuta macho kwa upande wa khanga. "Alisema kweli wapi? Si hakummeza? Angemmeza ungeona." Na mpaka leo tunapekua majani.

Yule kijana tulimweka chini ya kawa la wavu na matawi ya mpera. Baadaye alijivua ngozi, kichwa chini miguu juu, akaila ngozi yenyewe yote, na penye pengo kilikuwa kimechomoza kimguu kifupi, chembamba kama uzi. Mama mkwe ndiye aliyekiona kwanza. Alinipigia simu nikiwa sokoni kuniambia.

Lakini Ijumaa ile, kicheko kilipoisha, mie moyo ulinirudia chini. Ng'ombe mzima, sawa. Harusi je? Mabasi ya asubuhi yalikuwa yameshaondoka, na la usiku yeye mwenyewe alikataa hata kulizungumzia. "Waoane tu, mimi si bwana harusi," akasema.

Jumamosi mchana nikasikia mlango wake unafunguliwa. Akatoka amevaa sare. Kitenge chote, na kilemba, na viatu. Nilitamani ardhi ipasuke. Akaniambia nilete viti uwanjani kivulini, na simu yangu, maana ya kwake picha zinakwama. Mume wangu alifunga karakana mapema, akaja na soda. Tukaegemeza simu kwenye kawa la kijiti, na ndugu zake kule Moshi wakatupigia video.

Kelele, jamani! Picha inaruka, mara tunaona paa, mara tunaona kidevu cha mtu, mara bibi harusi huyo anaingia na ngoma mbele. Mama mkwe akanyanyuka. Sijawahi kumwona akicheza kabla ya siku ile. Alicheza mabega, akazunguka, akanishika mkono akaninyanyua, nikacheza naye kwa mtindo wangu wa Mwananyamala, kiuno na yote, akasema "Ehee! Na wewe unazo!" Mume wangu alikuwa anapiga makofi nje ya mdundo. Nilipiga vigelegele mpaka jirani akachungulia ukutani, naye akapiga. Ndani ya kawa, kwa upepo wa vitenge vyetu, kijiti naye alikuwa ananesa kwa miguu yake mitano.

Ngoma ilipopumzika, uso wa mdogo wake ukajaa kwenye simu, jasho linamtiririka, furaha tupu.

"Wewe dada, umetukimbia! Umeacha harusi ya mwanao kwa ajili ya ng'ombe! Haya, huyo mgonjwa wako tumwone. Amepona?"

"Amepona," akasema mama mkwe, akaichukua simu.

Nilikuwa nimesimama mbele ya mlango wa banda. Nikasogea pembeni haraka ili ng'ombe aonekane. Simu ikanifuata. Nikasogea tena, nikidhani hajaona vizuri, akanifuata tena mpaka nikaona uso wangu mwenyewe kwenye kioo, umelowa jasho, kilemba upande.

"Simama basi wakuone," akaniambia. Kisha akawaambia wa Moshi: "Huyu hapa niliyemfuata. Mnamwona? Juzi alikuwa hali. Sasa anakula sahani mbili."